Mwanangu anataka mwaka wa mpito, babake anasema ni mwaka wa kupotea

Mwalimu, shikamoo.

Mimi ni mzaliwa wa Mombasa, mama wa watoto wawili, na naishi Ayalandi katika mji mmoja wa kaunti ya Louth. Kazi yangu ni kuhudumia wazee kwenye makao yao, mara nyingi zamu ya usiku. Huu ni mwaka wangu wa nne huku. Mume wangu na watoto walinifuata kwa kibali changu cha kazi. Kifungua mimba wangu, nimwite Baraka, alifika Januari miaka miwili iliyopita akiwa na miaka 13, akaingizwa mwaka wa kwanza wa sekondari wenzake wakiwa wamefika nusu. Sasa yuko mwaka wa tatu, na Juni atafanya mtihani wao wa Junior Cycle.

Wiki iliyopita alileta fomu. Shule inataka kujua kama ataingia mwaka wa nne, ule wanaouita Transition Year, au atauruka aende moja kwa moja mwaka wa tano. Baraka anautaka mno. Marafiki zake wote wanaingia. Babake hataki hata kusikia. Anasema ni mwaka wa kucheza: hakuna mtihani wa serikali, watoto wanapelekwa kupanda milima, wanaigiza michezo, wanashinda madukani eti wanajifunza kazi, na juu ya hayo mzazi anachangishwa pesa. Anasema binamu zake Baraka kule nyumbani watakuwa washaingia chuo na yeye bado anavaa yunifomu. Mume wangu mwenyewe alikosa kozi aliyoitaka baada ya KCSE kwa pointi chache tu, na jambo hilo halijamtoka moyoni mpaka leo.

Lipo jingine linaloniuma zaidi, na shuleni sijalisema. Hisabati anafundishwa ngazi ya kawaida, si ya juu. Kule Mombasa hilo ndilo lilikuwa somo lake. Alipofika walisema Kiingereza chake cha darasani bado, wakamweka huko, na huko ndiko alikobaki. Mtoto mwenyewe anasema anataka kuwa injinia. Nimemtafutia tuisheni ya Jumamosi, masomo matatu, na ni pesa nyingi kwa mshahara wangu, lakini sioni alama zikisogea. Kiayalandi amesamehewa. Kipindi hicho kikifika anakaa nyuma ya darasa anafanya homuweki.

Wenzangu kazini wananitia hofu. Wanasema Leaving Certificate, mtihani wa kumaliza sekondari, ndiyo kila kitu hapa, kwamba bila pointi 500 na kitu mtoto amekwisha. Tafadhali niambie: tukubali huo mwaka? Niongeze tuisheni? Na Kiswahili chake, ambacho anakiandika vizuri kuliko mimi, hakiwezi kuhesabiwa kama somo? Naogopa nisije nikamharibia mwanangu kwa kutojua.

Mama Baraka

Mama Baraka, marahaba. Pole na zamu za usiku, na umefanya vyema kuuliza kabla fomu haijarudi shuleni.

Mkubalieni aingie mwaka wa nne, lakini kwa sharti moja: mwaka huo uwe wa kumpandisha ngazi ya juu ya Hisabati. Barua yako inauliza mambo mengi, na lile unaloona aibu kulisema shuleni ndilo lenye haraka kuliko yote.

Leaving Certificate haifanani na KCSE. Haina wastani wa jumla, haina daraja moja la kumbandika mtoto, wala hakuna wa kwanza na wa mwisho. Kila somo lina karatasi ya ngazi ya juu na ya ngazi ya kawaida. Alama za kila somo hugeuzwa kuwa pointi, zinachukuliwa za masomo sita yaliyofanya vizuri zaidi, na jumla hiyo ndiyo anayoendea nayo chuo. Ngazi ya juu, anayepata asilimia 90 na zaidi hupewa pointi 100. Anayepata kati ya 40 na 49 hupewa 46. Ngazi ya kawaida, aliyefanya vizuri kabisa, wa asilimia 90 na zaidi, anapewa 56 tu, basi.

Sasa njoo kwenye Hisabati, maana ina jambo lake peke yake. Tangu 2012, kila anayefikia angalau asilimia 40 katika Hisabati ya ngazi ya juu huongezewa pointi 25. Weka watoto wawili mbele yako. Mmoja kafanya karatasi ya kawaida akapata 95: ana pointi 56. Mwingine kafanya karatasi ya juu, katoka jasho, kapata 42: ana 46, ongeza 25, ni 71. Aliyepata 42 amemwacha aliyepata 95 kwa pointi 15. Akishuka chini ya 40, hapo nyongeza hakuna: akipata kati ya 30 na 39 anabaki na 37, na chini ya 30 hapati kitu, kwa hiyo si jambo la kukurupukia. Lakini mtoto ambaye hesabu ndilo lilikuwa somo lake tangu mdogo, nisingependa akae upande wa 56 kwa sababu tu alifika Januari na Kiingereza kikiwa bado kinamsumbua.

Kwa anayetaka uinjinia uzito ni zaidi ya pointi. Vyuo vikuu vikubwa kama UCD na Trinity, vyote vya Dublin, vinadai angalau asilimia 60 ya Hisabati ya ngazi ya juu ndipo mtu aingie digrii kamili ya uinjinia. Mwenye ngazi ya kawaida, hata awe na pointi za kutosha kwa masomo mengine, mlango huo hafunguliwi. Baadhi ya vyuo hutoa mtihani maalumu wa Hisabati mwezi wa Agosti kwa waliokosa sharti hilo, lakini huo ni wa kuokoa jahazi, hauwekwi kwenye mipango.

Utafiti wa Waayalandi wenyewe unamuunga mkono mama anayeuliza mambo haya. Dublin kuna taasisi ya utafiti wa uchumi na jamii inayoitwa ESRI. Kuanzia 2002 watafiti wake, akiwemo Profesa Emer Smyth, waliwafuata wanafunzi wapatao 900 katika shule 12, tangu mwaka wa kwanza wa sekondari hadi Leaving Certificate. Waliona kwamba watoto waliopangwa kwenye madarasa ya chini walisonga polepole kuliko wenzao walioingia shule na uwezo uleule, na walikuwa rahisi zaidi kukata tamaa na kuacha shule. Darasa la chini lilikuwa na matarajio ya chini, mwendo wa chini, na mtoto akajizoesha nao. Waliona pia kwamba uamuzi wa ngazi unaofanywa mapema, wakati mzazi hata hajajua kuna uamuzi, ndio unaokuja kuamua chuo miaka minne baadaye. Mzazi aliyesoma hapa analijua hilo na huenda shule kulisemea. Mzazi aliyetoka nje hukaa kimya akidhani shule imeona mbali. Ndiyo maana nakusihi usikae kimya.

Mwandikie barua pepe mwalimu anayesimamia mwaka wa tatu wote, na nakala umpe mshauri wa masomo na kazi. Shule za sekondari huko huwa naye. Huhitaji kusubiri siku ya wazazi ambayo huenda ikaangukia zamu yako. Eleza kwa kifupi kwamba Baraka aliwekwa ngazi ya kawaida kwa sababu ya lugha, kwamba Kiingereza chake sasa kimekaa, na kwamba mnataka apimwe Hisabati yenyewe. Uliza ni mada zipi za ngazi ya juu ambazo hajafundishwa. Uliza kama katika mwaka wa nne atakaa darasa moja na wale wanaojiandaa kwa ngazi ya juu. Mwalimu anaweza kukujibu kwamba aliyefanya Junior Cycle ngazi ya kawaida huwa hashauriwi kupanda. Ni kweli huwa hashauriwi, kwa kuwa kuna mada atakuwa amezikosa, lakini hakuna sheria inayomkataza. Mshukuru kwa ushauri, kisha rudia ombi lako. Na ujue kwamba mtahiniwa anaweza kushuka ngazi hata asubuhi ya mtihani. Kupanda ndiko kunakohitaji miaka, kwa hiyo aanze juu.

Hapo ndipo mwaka wa nne unapoingia. Mpango huu ulianzishwa 1974 na waziri wa elimu Richard Burke, kwa nia ya kuwapa vijana pumzi kati ya mitihani miwili mikubwa. Baba Baraka hajakosea anaposema hakuna mtihani wa serikali. Kuna majuma ya kufanya kazi nje ya shule, kuna biashara ndogo ambazo wanafunzi huanzisha wenyewe, kuna kuonja masomo kabla ya kuyachagua, na wengi hufanya Gaisce, tuzo ya vijana inayotolewa kwa jina la Rais wa nchi. Lakini ESRI waliuchunguza mwaka huo wakatoa ripoti yao 2004, na walipowalinganisha vijana waliokuwa na alama zinazokaribiana mtihani wa mwaka wa tatu, waliopitia mwaka wa mpito kwa wastani walitoka na matokeo bora zaidi ya Leaving Certificate, na wengi zaidi wao waliendelea na masomo ya juu. Mwonyeshe Baba Baraka jambo hilo. Anaouita mwaka wa kucheza, wenzao walioupitia hawakurudi nyuma.

Faida hiyo haikuwafikia wote sawasawa, nami sitaki ukubali ukidhani mwaka wenyewe una dawa. Unategemea shule inaupanga vipi na kijana anautumia vipi. Nitakwambia tatizo ninalolihofia kwa Baraka: kazi ya dukani. Vijana wa mwaka wa nne wana nafasi, wana miaka 16, na pesa ya kwanza mfukoni ni tamu. Siku chache za kujifunza kazi zinazopangwa na shule ni sawa kabisa. Ila ESRI hao hao waliwachunguza wanafunzi wanaofanya kazi za kulipwa wakati wa masomo na wakaona kadiri saa zinavyozidi ndivyo alama zinavyoshuka. Kwa hiyo afanye Jumamosi moja moja akitaka, lakini zamu za jioni za katikati ya wiki mkatae, hata kama nyumbani pesa inahitajika. Na michango ya safari za mwaka huo uiulize shule mapema. Ikiwa ni mizigo kwenu, mwambie mwalimu mkuu faraghani. Huna haja ya kuona haya.

Kuna sababu nyingine ya kuutaka mwaka huo ambayo zamani haikuwepo. Tangu Septemba 2025 wameanza kubadilisha Leaving Certificate yenyewe. Katika Fizikia, Kemia, Baiolojia na Biashara, wanaoingia mwaka wa tano sasa hupata angalau asilimia 40 ya alama zao kutokana na kazi ya utafiti au mradi unaofanywa kabla ya mtihani wa mwisho, na masomo mengine yatafuata kwa awamu. Kijana anayetaka uinjinia atachukua Fizikia. Atatakiwa kuuliza swali, kupanga jaribio, kuandika alichokiona, kutetea alichokifanya. Hayo ndiyo mwaka wa mpito unayafundisha ukifanywa vizuri, na mtoto aliyezoea kukariri hayapati kwa tuisheni ya Jumamosi.

Na tuisheni yenyewe. Waayalandi wanaiita grinds, na nusu ya nchi inaamini bila hiyo mtoto hafiki popote. Profesa Smyth aliichunguza na mwaka 2009 akachapisha alichokiona: ukishazingatia alama alizokuwa nazo mtoto kabla, na hali ya kwao, tuisheni ya kulipia haikuonekana kumwongezea matokeo. Waliokuwa wakiilipia zaidi ni wenye nazo, ambao watoto wao tayari walikuwa mbele. Sisemi hakuna mtoto aliyewahi kusaidiwa na mwalimu wa pembeni. Nasema masomo matatu kila Jumamosi, yakirudia yaleyale ya darasani, kwa mshahara wa mtu anayekesha akigeuza wazee vitandani, ni pesa unayoitupa kwa hofu. Simamisha mawili. Pesa ya moja iweke, shule ikikuorodheshea mada za Hisabati alizozikosa, mtafutie mtu wa kumfundisha mada hizo hizo, kwa majuma machache, kisha mwachane naye.

Kuhusu Kiayalandi, mlifanya sawa kuomba msamaha wa somo, kwa kuwa alikuja akiwa ametimiza miaka 12 na alikuwa amesoma nje. Hakikisha tu una karatasi ya msamaha yenyewe mkononi, yenye saini ya shule. Vyuo vilivyo chini ya National University of Ireland, yaani UCD, Cork, Galway na Maynooth, vina sharti lao la Kiayalandi, na aliyezaliwa nje ya nchi husamehewa akiomba, lakini msamaha huo unaombwa kwao, wa shule hautoshi. Ualimu wa shule ya msingi ndio mlango ambao bila Kiayalandi haufunguki, na kwa kuwa Baraka hautaki tuuache hapo.

Kinachonisumbua ni ile kukaa nyuma ya darasa. Mwanafunzi wa kawaida huingia mtihani na masomo saba, sita yanahesabiwa, moja ni akiba likimwendea vibaya. Aliyesamehewa Kiayalandi, asipopewa kingine, anaingia na sita. Yote sita yanahesabiwa. Akiugua siku moja, akikosea karatasi moja, hana pa kujificha. Kwa hiyo swali lako la pili kwa shule liwe hili: atapata wapi somo la saba kuanzia mwaka wa tano? Shule nyingine hupanga vipindi, nyingine hukuambia ratiba hairuhusu. Uliza mapema kabla ratiba haijafungwa, na kwa anayetaka uinjinia mimi ningetafuta Uchoraji wa Kiufundi au Hisabati Tumizi kama vipo shuleni kwao.

Kiswahili kwa bahati mbaya hakimo. Serikali imeongeza Kipolishi, Kilithuania, Kireno na Kichina cha Mandarin, na Kiarabu kilikuwepo kitambo, lakini lugha yetu haina karatasi, na mpango wa lugha za mama ni wa lugha za nchi za Umoja wa Ulaya tu. Linaniudhi jambo hili. Kwa uinjinia hahitaji lugha ya tatu, kwa hiyo haimzuii. Mwache aendelee kukiandika, na mwaka wa nne akitakiwa kubuni kitu cha kufundisha wenzake, basi kitu anacho tayari.

Hizo pointi 500 za wenzako kazini zinatisha kwa sababu watu huzichukulia kama kipimo cha akili kinachotakiwa na kozi. Sivyo. Karibu maombi yote ya chuo hupitia ofisi moja iliyoko Galway, CAO, iliyoanzishwa 1976. Mtoto huandika kozi zake kwa mpangilio wa mapenzi yake, hadi kumi za digrii kamili na kumi nyingine za ngazi zilizo chini yake, kabla ya tarehe 1 Februari ya mwaka wa mtihani, na anaweza kubadilisha mpangilio huo hadi tarehe 1 Julai. Nafasi zikigawiwa, pointi za kozi ni zile za mtu wa mwisho aliyeingia, basi. Kozi yenye nafasi chache na waombaji wengi hupanda, hata kama masomo yake si magumu kuliko ya jirani. Wanaofungana pointi mlangoni hupigiwa kura. Profesa mstaafu Áine Hyland wa Chuo Kikuu cha Cork amelisemea jambo hili kwa miaka: vyuo vinapovunjavunja masomo kuwa kozi nyingi nyembamba, pointi hupanda na watoto huogopeshwa bure.

Zaidi ya hapo kuna njia ambazo wenzako hawakukutajia, na moja iko kaunti yenu. Taasisi ya Teknolojia ya Dundalk inafundisha uinjinia wa ngazi ya 7, yaani hatua moja chini ya digrii kamili, ambako Hisabati ya ngazi ya kawaida inakubaliwa, na aliyefaulu huendelea hadi digrii kamili. Vyuo vikuu vya teknolojia vilivyoundwa tangu 2019 vina mpangilio kama huo. Kuna kozi za baada ya Leaving Certificate katika vyuo vya elimu endelevu, ambazo ada yake iliondolewa 2022, na tangu 2023 kuna digrii zinazoanzia kwenye vyuo hivyo na kumalizikia chuo kikuu bila kupitia CAO kabisa. Sikwambii hivi ili mshushe lengo. Nakwambia ili Baba Baraka ajue kilichompata yeye, cha pointi chache kufunga njia nzima, hapo hakina lazima kimpate mwanawe.

Na asidhani Waayalandi wanachezea mitihani. Sheria yao ya 1878 iliwalipa wenye shule kulingana na alama za watoto, Leaving Certificate inafanywa tangu 1925, na watawa wa Loreto waliotuletea shule za wasichana Kenya 1921 walitoka huko huko. Hofu ya mtihani anayoijua yeye wanaijua vizuri. Ndiyo iliyowafanya watengeneze mwaka usio na mtihani.

Sasa jambo ambalo hukuliuliza, na lina pesa nyingi kuliko tuisheni zote. Tangu 1996 serikali huwalipia wengi ada ya digrii ya kwanza, mzazi akabaki na mchango ambao haujazidi yuro 3,000 kwa mwaka. Lakini mtoto aliyeko kwa kibali cha kazi cha mzazi, asiye na uraia, hayumo kwenye mpango huo, wala kwenye SUSI, ruzuku ya serikali kwa wanafunzi wa vyuo, hata awe amesoma hapo sekondari yote. Anaweza kudaiwa ada ya wageni, ambayo kwa uinjinia katika vyuo vikubwa inaweza kuvuka yuro 20,000 kwa mwaka. Nimeona familia zikiligundua hili Agosti, barua ya chuo iko mkononi.

Kwa hiyo hesabuni tarehe. Uraia unadai miaka mitano ya ukaazi unaohesabika, na miaka ya kibali cha kazi inahesabika. Wewe uko mwaka wa nne. Siku ukitimiza mitano, peleka maombi, usingoje, kwa sababu uamuzi huchukua muda, na mzazi aliyekwisha kuwa raia anaweza kumwombea mtoto aliye chini ya miaka 18. Akishafika 18 hajapata, itabidi ajiombee kwa miaka yake mwenyewe. Hapo utazame: akiruka mwaka wa nne, atamaliza shule akiwa na miaka minne na nusu nchini. Akiupitia, ana mitano na nusu. Mwaka anaosema Baba Baraka unapotea unaweza kuwa ndio unaomkamilishia hesabu.

Baraka akitimiza miaka 16 lazima asajiliwe uhamiaji apate kadi yake ya ukaazi, IRP. Usiache pengo hata la wiki moja kati ya kadi na kadi, maana siku zisizo na usajili hazihesabiwi baadaye. Sheria hizi hubadilika, kwa hiyo nenda ofisi ya Citizens Information iliyo karibu nawe, huduma ni bure, uwaeleze tarehe zenu kama ulivyonieleza mimi. Ofisi za udahili za vyuo nazo ziandikie Baraka akiwa mwaka wa tano, uulize kwa maandishi atawekwa ada ya aina gani.

Fomu ya mwaka wa nne ijazeni wazazi wote wawili mkiwa mmeketi na kijana mwenyewe. Baba Baraka amwambie sharti la Hisabati kwa mdomo wake, ili Baraka alisikie kutoka kwa yule aliyekuwa anakataa. Na shule ikikujibu kuhusu ngazi ya juu na somo la saba, niandikie walichosema neno kwa neno. Wakikataa, usisaini chochote cha mwaka wa tano kabla hatujazungumza tena.